Majivu ya makaa ya mawe na maji ya kisima

Mama, ukiambiwa majivu ya makaa ya mawe "yamefaulu kipimo", uliza: kipimo gani? Katika kipimo kinachotumika sana Marekani, maabara huchanganya majivu na maji yenye asidi kidogo, mara 20 ya uzito wa majivu, huuzungusha mchanganyiko kwa takriban saa 18, kisha hupima sumu iliyotoka. Aseniki ikiwa chini ya miligramu 5 kwa lita, majivu yamefaulu. Lakini maji ya kunywa hayatakiwi kuzidi 0.01. Tofauti ya mara 500!

Kwa hiyo ukiishi karibu na dampo la majivu, omba kisima chenyewe kipimwe. Aseniki haina ladha wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, hukolea zaidi. Maziwa ya unga ya mtoto yakoroge kwa maji mengine hadi majibu yatoke.