Mganga wa Meno Anahesabu Nini?

Watu wengi vijijini huenda kwa mganga wa meno siku moja tu: siku ambayo jino limewanyima usingizi. Wanasema, "Ling'oe niende zangu." Lakini mganga mzuri wa hospitali haangalii jino hilo tu. Anapima kinywa kizima. Usiudhike ukiona anakawia. Ni vizuri ujue anapima nini.

Kwanza anahesabu meno. Mtu mzima ambaye meno yake yote yameota ana meno 32. Mtoto mdogo ana meno 20 ya utoto. Mganga anashika kioo kidogo chenye mpini, anapita jino moja baada ya jingine. Anaandika mambo matatu: meno yaliyooza, meno yaliyong'olewa kwa sababu ya kuoza, na meno yaliyozibwa. Kisha anajumlisha. Hesabu hii ilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1930. Sasa inatumika duniani kote.

Tuchukue mfano. Juma ana meno 4 yaliyooza. Asha naye alioza meno 4, lakini yote yamezibwa. Ukijumlisha, kila mmoja ana 4. Je, hali zao ni sawa? Hapana. Asha anatafuna mahindi ya kuchoma bila taabu. Juma anatafunia upande mmoja. Kwa hiyo jumla peke yake haitoshi. Uliza: ni meno mangapi yaliyooza ambayo bado hayajatibiwa?

Tena, hesabu ya meno ya ukubwani hairudi nyuma. Jino bovu likizibwa, linahesabiwa. Likitolewa, linahesabiwa. Itabaki palepale au itapanda.

Hapa wazazi tuwe waangalifu. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto. Wengi hudhani nalo ni la utoto, kwamba likioza litang'oka na kuota jingine. Haliotei jingine. Mtoto akilipoteza, amelipoteza maisha yake yote.

Wakati mwingine mganga hukuta jino la chonge halipo kabisa, na mwenyewe hajui lilikwenda wapi. Huenda alipokuwa mtoto mchanga aliharisha, wakasema ana "meno ya nailoni", wakamkata ufizi. Hakuna ugonjwa wa meno ya nailoni. Uvimbe ule ni jino linalojitayarisha kuota. Watoto wametokwa damu nyingi na wengine wamekufa kwa kukatwa huko. Mtoto anayeharisha apelekwe zahanati.

Baada ya meno, mganga anapima fizi. Ana chuma chembamba chenye alama za milimita. Anakiingiza polepole kati ya jino na ufizi. Kikiingia milimita 2 au 3, ni kawaida. Kikiingia 4 au zaidi, mara nyingi ufizi umeanza kuachana na jino. Anaangalia pia kama damu inatoka. Ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi mwanzoni. Ndiyo maana mtu hushtuka meno yake yakiwa tayari yanalegea. Wavuta sigara na wenye kisukari huupata zaidi.

Ataangalia pia ulimi, chini ya ulimi, na ndani ya mashavu. Kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2 ni lazima kichunguzwe, maana kinaweza kuwa kansa. Kama unatumia ugoro au tumbaku, usimfiche.

Mwisho atakuuliza maswali. Je, meno yanakuzuia kula? Kulala? Kusema vizuri? Unaona haya kucheka mbele za watu? Maswali haya nayo ni kipimo, kwani chuma na kioo haviwezi kuonyesha ulilala saa ngapi jana. Jibu kweli. Wanaume hasa hupenda kujibu "sijambo" huku shavu limevimba.

Akimaliza, mwombe akuonyeshe alichoandika. Wewe sasa unajua kusoma. Tazama idadi ya meno yaliyooza na milimita za fizi, uziandike katika daftari lako pamoja na tarehe. Utakaporudi tena, uende na daftari hilo, ili mlinganishe hesabu ya zamani na mpya.