Simu ya mwanafunzi, kiboko cha mwalimu na Mahakama Kuu ya Kerala

Mnamo Septemba 2019, Jaji P.V. Asha wa Mahakama Kuu ya Kerala, jimbo lililo kusini mwa India, alitoa hukumu ambayo kila mwalimu anayesimamia bweni angefaa kuisoma. Msichana mmoja wa chuo katika wilaya ya Kozhikode alikuwa amefukuzwa bwenini. Hakuiba wala hakulewa. Alikataa kuikabidhi simu yake ya mkononi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, kama kanuni za bweni zilivyoagiza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: saa hizo ndizo za kudurusu, na mengi ya kudurusiwa yamo humo humo simuni.

Jaji alimkubalia. Alishikilia kwamba haki ya kupata intaneti ni sehemu ya haki ya elimu na vilevile ya haki ya faragha, chini ya Ibara ya 21 ya Katiba ya India. Nidhamu, kwa maoni yake, haiwezi kudumishwa kwa kuziba njia za kujipatia maarifa. Msichana alirudishiwa nafasi yake, mradi tu asiwasumbue wenziwe kwa simu hiyo.

Miaka mitano na nusu baadaye, Machi 2025, mahakama hiyo hiyo iliwapa walimu habari ya namna nyingine. Mwalimu mmoja, akituhumiwa kumchapa mwanafunzi kwa fimbo, alikwenda kuomba dhamana kabla hajatiwa mbaroni. Jaji P.V. Kunhikrishnan alimpa. Katika uamuzi wake akasema mengi mintarafu ya walimu: kwamba siku hizi wanafanya kazi kwa hofu ya kushtakiwa kwa kila dogo, na kwamba waachiwe wabebe kiboko shuleni, si lazima wakitumie, kwa kuwa kule kuonekana tu kunatosha kuwatia wanafunzi adabu.

Vichwa vya habari vikaruka na kiboko. Msomaji wa mbali angedhani kwamba Mahakama Kuu imekirejesha kiboko darasani, na sitashangaa nikisikia kwamba hata huku kwetu mna aliyeikata habari hiyo gazetini akaibandika katika chumba cha walimu. Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana mambo mawili yamechanganywa.

Katika kila hukumu mna kile kilichoamuliwa na mna yaliyosemwa njiani. Kilichoamuliwa ndicho kinachofunga. Yaliyosemwa njiani ni maoni ya jaji. Yanaweza kuwa ya hekima au ya hasira, lakini hayageuki sheria kwa sababu tu yametoka kinywani mwa mtu aliyevaa joho. Sasa tuutazame uamuzi wa 2025 kwa jicho hilo. Kilichokuwa mbele ya jaji ni ombi la dhamana. Alichoamua ni kutoa dhamana hiyo, na kuelekeza kwamba polisi wakipokea malalamiko dhidi ya mwalimu kuhusu jambo alilolitenda shuleni, wafanye kwanza uchunguzi wa awali, na wasimkamate kabla uchunguzi huo haujakamilika. Kiboko kilitajwa pembeni. Sheria ya haki ya elimu iliyopitishwa na Bunge la India mwaka wa 2009, ambayo katika kifungu chake cha 17 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili kwa mtoto wa shule, haikuguswa hata herufi.

Naam, sehemu ile ya uchunguzi wa awali naiunga mkono bila kusita. Mwalimu aliyetiwa pingu mbele ya darasa lake hawezi kurudi katika darasa hilo akiwa yule yule, hata mahakama ikimwona hana hatia. Uchunguzi wa siku chache haumnyimi mtoto haki yake. Unamwepusha tu mtu asiye na kosa na fedheha isiyofutika. Lakini hilo la kiboko cha kuonyeshwa nalikataa. Kiboko kisichotumika hutambuliwa na watoto upesi sana kuwa ni pambo, na kikishatambuliwa hivyo mwalimu hubakiwa na njia mbili, akiweke kando au akitumie. Tunajua wengi watachagua ipi. Sisi Wakenya tulikipiga kiboko marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010 ikaongezea katika Ibara ya 29 kwamba hakuna mtu atakayeadhibiwa kwa njia ya kumpiga. Walimu wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kuambiwa nami ni umbali gani uliopo baina ya ibara hiyo na baadhi ya madarasa yetu.

Tofauti hii ya uamuzi na maneno ya njiani yafaa ishikwe pia pale maneno yenyewe yanapotupendeza. Mwaka wa 2022 wanafunzi wa kike wa chuo cha serikali cha utabibu huko Kozhikode walishtaki wakipinga kufungiwa lango la bweni saa tatu na nusu usiku. Jaji Devan Ramachandran, akisikiliza kesi hiyo, aliuliza kwa nini wafungiwe wanawake ilhali wanaosababisha hatari ni wanaume. Mbona wasifungiwe hao wanaume? Swali hilo lilizunguka dunia nzima, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliolishangilia. Kilichotoka mwishowe kilikuwa kidogo zaidi. Serikali ya jimbo ilitoa amri mnamo Desemba 2022 ikiweka saa ile ile ya kufunga mabweni kwa wavulana na wasichana sawia, ila waliovuka mwaka wa kwanza wanaweza kuingia baadaye kwa kuandikisha majina yao. Ni usawa, ndiyo, ingawa kwa kiasi fulani ni usawa wa kufungiwa pamoja.

Yamkini kuna mwanafunzi atakayeuliza ni vipi ugomvi wa simu ya bwenini ukafika Mahakama Kuu moja kwa moja. Jibu limo katika Ibara ya 226 ya Katiba ya India. Ibara hiyo inazipa mahakama kuu zote za majimbo uwezo wa kutoa amri dhidi ya serikali au mamlaka yoyote ya umma, si kwa kulinda haki za kimsingi tu bali pia kwa madhumuni mengineyo. Kwa mlango huo huingia kila aina ya shauri, na ndiyo sababu jaji wa Kerala huweza kuwa na bweni asubuhi na ndovu alasiri.

Ndovu sikuwataja kwa mzaha. Mnamo Novemba 2024 majaji wawili wa mahakama hiyo walitoa masharti juu ya ndovu wanaofugwa na kupangwa mistari katika sherehe za mahekalu, sherehe ambazo watu wa Kerala wanazienzi kupita kiasi. Sharti moja lilikuwa kwamba baina ya ndovu mmoja na mwingine pawe na nafasi ya mita tatu. Haukupita muda Mahakama ya Juu ya India ikayasimamisha masharti hayo, Desemba mwaka huo huo.

Katika sheria za ndoa, Agosti 2021, majaji A. Muhamed Mustaque na Kauser Edappagath waliamua kwamba mume kumwingilia mkewe bila ridhaa ni ukatili unaotosha kumpa mke talaka, ingawa sheria ya jinai ya India haikulihesabu tendo hilo kuwa ubakaji. Majaji hawakuweza kuunda kosa jipya la jinai, kwa hivyo walitumia kile kilichokuwa mikononi mwao, yaani sheria ya talaka. Kwa mwanafunzi wa sheria sidhani kuna mfano bora wa namna jaji anavyoweza kusogea bila kuuvuka mpaka wake.

Si kila hukumu ya Kerala ni ya kusifiwa. Desemba 2021 mwananchi mmoja aliomba picha ya Waziri Mkuu iondolewe katika cheti chake cha chanjo ya korona, akisema chanjo hiyo aliilipia kwa pesa zake mwenyewe. Jaji alilitupa ombi hilo na kumtoza rupia 100,000. Katika rufaa majaji wawili waliipunguza hadi rupia 25,000. Ombi lake huenda lilikuwa dogo, lakini mahakama inayomtoza mtu faini ya namna hiyo kwa kuuliza swali inawaonya na wengine wenye maswali mazito kuliko lake.

Wala si mara ya kwanza mahakama hiyo kukosa. Mwaka wa 1985 watoto watatu wa dhehebu la Mashahidi wa Yehova walifukuzwa shuleni huko Kerala kwa kutoimba wimbo wa taifa. Walikuwa wakisimama kwa heshima wenzao wakiimba. Wao wenyewe hawakuimba kwa sababu ya imani yao. Mahakama Kuu iliwakatalia. Agosti 1986 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo ikaamuru warudishwe darasani, ikieleza kwamba anayesimama kwa heshima hajaudharau wimbo wa taifa, na kwamba uhuru wa kusema unabeba ndani yake uhuru wa kunyamaza. Kesi hiyo naiona kuwa baba wa ile ya simu ya 2019. Katika zote mbili shule ilidhani kwamba nidhamu ni kufanana, na katika zote mbili aliyekuwa kimya au mkaidi alikuwa na sababu ambayo hakuna aliyekuwa ameisikiliza.

Isidhaniwe kwamba mambo haya yako ng'ambo ya bahari na hayatuhusu. Kanuni ya Adhabu ya India ilitumika hapa Kenya hadi mwaka wa 1930. Hata katika miaka yetu hii, mahakama zetu zilipousikiliza mjadala wa kuirekebisha Katiba kwa njia ya BBI, Mahakama Kuu mnamo Mei 2021 na ile ya Rufani mnamo Agosti mwaka huo zilitegemea fundisho la muundo msingi wa katiba, yaani kwamba kuna mihimili ambayo Bunge haliwezi kuing'oa. Fundisho hilo lilithibitishwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka wa 1973, katika kesi iliyoanzishwa na mkuu wa nyumba moja ya watawa wa Kihindu huko Kasaragod, Kerala, akipinga sheria za ardhi za jimbo lake. Mahakama ya Juu ya Kenya ililikataa Machi 2022. Hata hivyo, kwa karibu mwaka mzima mashitaka ya mtawa wa Kerala yaliwashughulisha mawakili wa Nairobi.

Mahakama Kuu ya Kerala ilianza kazi tarehe 1 Novemba 1956, siku lilipozaliwa jimbo lenyewe, na makao yake yako Kochi. Mwaka wa 1959 iliapisha jaji wa kwanza mwanamke katika mahakama kuu yoyote ya India, Bi. Anna Chandy. Julai 2025 ilitoa mwongozo unaowakataza majaji wa mahakama za chini kuiachia akili bandia kazi ya kuamua kesi, jambo ambalo walimu wanaosahihisha insha zilizoandikwa na mashine watalielewa mara moja.

Lililonigusa zaidi lakini ni la Februari 2023. Katika siku ya kimataifa ya lugha ya mama, mahakama hiyo ilichapisha hukumu zake mbili kwa Kimalayalam, lugha ya wenyeji wa Kerala. Nakala ya Kiingereza ndiyo iliyobaki yenye nguvu ya kisheria, kwa kuwa Ibara ya 348 ya Katiba ya India inakifanya Kiingereza lugha ya mahakama kuu hadi iamuliwe vinginevyo. Tanzania ilibadilisha sheria zake mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Huku kwetu Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini mwalimu anayetaka kuwasomea wanafunzi wake hukumu ya Mahakama Kuu yetu kwa Kiswahili, mara nyingi itambidi aketi jioni na kuitafsiri mwenyewe.