Siku ya kurudisha vya watu Leipzig

Saa mbili asubuhi mwakilishi wa mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya chumba changu, anapapasa ukuta kwa kidole. Palikuwa na tundu la msumari pale. Usiku uliotangulia nililiziba, nikapaka rangi nyeupe mara mbili. Alilitafuta, akalikosa, akatia alama kwenye karatasi yake. Kisha akasoma mita ya umeme na kuhesabu funguo: wa lango, wa chumba, wa sanduku la barua, wa stoo ya chini. Nne. Zote zipo.

Nilikuwa nimepanga siku yangu ya mwisho Leipzig iwe ya kuaga watu. Nilikaa miaka miwili nikisoma shahada ya uzamili, na marafiki ninao wengi. Lakini Ujerumani huondoki kimyakimya, na sehemu kubwa ya siku iliishia kwenye kurudisha. Dhamana ya chumba, ambayo kisheria inaweza kufikia kodi ya miezi mitatu, ilikuwa inautegemea ukuta ule. Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda, msiipigie hesabu kama nauli, maana hairudi siku hiyohiyo.

Kutoka hapo nilikwenda ofisi ya jiji kufuta jina langu kwenye daftari la wakazi. Wenyewe wanaita *Abmeldung*. Karatasi ile ndiyo inayokufungulia mlango wa kutokea: bima ya afya wanaitaka, kampuni ya simu inaitaka, na ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, inaendelea kukudai hata ukiwa umeshafika Moshi kama hukutoa taarifa. Mama wa dirishani aliniuliza anwani ninakohamia. Nikamtajia Marangu. Akataka mtaa na namba ya nyumba. Nikamweleza kwamba kwetu nyumba inajulikana kwa kihamba cha ukoo, ukifika ukataja jina la babu unapelekwa hadi mgombani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika Marangu, Tanzania, akanipa karatasi na kunitakia safari njema. Nilimshukuru kwa dhati.

Vitabu nilivirudisha maktaba kuu ya chuo, Albertina. Chupa nikazibeba kwa mifuko miwili hadi dukani. Anayekuja kutoka kwetu huchukua muda kulizoea jambo hili: chupa ya plastiki ya maji unalipia senti 25 za ziada, na ya bia senti 8, nazo unarudishiwa ukirudisha chupa. Unaisukuma ndani ya tundu la mashine, inaizungusha, inaisoma, inaimeza. Nilisimama pale nikitumbukiza moja baada ya nyingine, na nyuma yangu mzee mmoja akisubiri zamu bila haraka na kikapu chake. Risiti ilisoma euro 4 na senti 50. Nikanunua mkate na jibini ya safarini.

Mchana nikaenda Makumbusho ya Grassi, pale Johannisplatz. Huko sikuwa na cha kurudisha. Nilikwenda kwa sababu ya jiwe.

Hans Meyer alikuwa mtu wa jiji hili, mtoto wa familia ya wachapishaji wa kamusi elezo iliyokuwamo karibu kila nyumba ya wasomi Ujerumani. Oktoba 1889 alipanda Kilimanjaro pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, baada ya kupokewa Marangu na Mangi Marealle. Kileleni alikipa kilele jina la mfalme wao, Wilhelm. Leo tunakiita Uhuru. Kisha akaokota jiwe la pale juu, akashuka nalo. Likagawanywa: nusu akampa mfalme, ikawekwa katika kasri la Neues Palais kule Potsdam, na nusu akabaki nayo mwenyewe. Miaka mingi baadaye ile nusu yake ikawa mikononi mwa muuza vitu vya kale huko Austria.

Mwaka 2022 kundi la wasanii liitwalo PARA lililivalia njuga suala hili hapo Grassi. Walitengeneza nakala za jiwe na kuziuza ili zipatikane fedha za kulinunua na kulirudisha Tanzania. Zaidi ya hapo, walikata kipande cha ncha ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, wakakiweka makumbusho kingoje kile cha kwetu kirudi. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nililia, na sioni haya kusema hivyo. Nimekua nikiuona mlima ule kila asubuhi isiyo na mawingu, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kuna sehemu yake haipo.

Na si jiwe tu. Karl Weule, mkurugenzi wa zamani wa makumbusho hayohayo, alizunguka Masasi na Newala mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado vibichi, akakusanya vitu vya watu na kunasa nyimbo zao. Mwanafunzi wa Kimakonde akifika Leipzig atakuwa na ziara yake ya kufanya.

Jioni nikakokota begi hadi stesheni kuu. Nikakaa jukwaani kungoja treni ya Frankfurt, nikampigia Bibi.

"Umewarudishia watu vitu vyao vyote?" ndilo swali lake la kwanza.

"Vyote, Bibi."

"Usije na cha mtu."

Nikamsimulia habari ya jiwe. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza ukubwa wake. Nikamwambia lile zima linaenea mikononi, ila walishaligawa vipande viwili.

"Unalo kwenye begi?"

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Sikulipata."