Kwa Nini Risasi Hupotea Njia

Mtu wa Igogwe alindaye mahindi yake usiku huwajua vema nguruwe mwitu. Naye aliyerithi gobori huijua aibu ya kumlenga nguruwe na kupiga mgomba. Watu husema mkono ulitetemeka. Mara nyingi mkono hauna kosa; kosa limo ndani ya kasiba. Jambo hilo ndilo tutakalo kueleza leo.

Gobori hutiwa baruti na risasi mdomoni, kisha hushindiliwa kwa mdeki. Ili ishuke, risasi yapasa iwe nyembamba kuliko kasiba. Basi baruti ilipukapo, risasi hugonga huku na huku, na ule mguso wa mwisho ndio uamuao njia yake.

Bastola ya zamani ilitengenezwa kwa shauri jingine. Mwezi wa Februari mwaka 1862, msafiri Mwingereza Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na miongoni mwa zawadi zake ilikuwamo bastola yenye vyumba vya kuzunguka. Zama zile baruti isiyo na moshi ilikuwa haijavumbuliwa. Ilitokea Ufaransa mwaka 1884.

Katika bastola za baruti nyeusi za namna hiyo, kila chumba hutiwa baruti, kisha risasi iliyo nene kidogo kuliko chumba. Ikishindiliwa, pete nyembamba hukatika pembeni mwake. Ndiyo dalili kwamba imekaa imara. Lakini chumba si kasiba. Risasi ikitoka chumbani huvuka pengo dogo kwanza. Kwa hiyo mafundi waliupanua mlango wa nyuma wa kasiba, ukawa kama faneli tumiminiayo mafuta ya taa chupani. Faneli hiyo huipokea risasi, huiweka katikati, na kuikabidhi kwa mifuo iliyojisokota ndani ya kasiba. Mifuo nayo huizungusha kama pia, isiyumbe njiani.

Mambo matatu huiharibu kazi hiyo. Kwanza, chumba kisipoelekeana sawasawa na kasiba, risasi hugonga ukingo ikakatika upande mmoja. Risasi iliyopogoka hwenda kombo, na vipande vyake vyaweza kumdhuru aliye ubavuni. Pili, chumba kikiwa chembamba kuliko kasiba, risasi hulegea, moto hupita kando yake, na mifuo haiishiki. Hapo hata faneli nzuri haifai kitu. Tatu, baruti nyeusi huacha masizi mengi yanywayo unyevu. Katika nchi ya mvua kama Rungwe, silaha isiyooshwa hushikwa na kutu upesi, na faneli yenye kutu huikwaruza risasi.

Twasema haya kwa sababu moja. Huko Rungwe nyumba nyingi zimejificha migombani. Risasi iliyomkosa nguruwe haikukosa kila kitu. Safari yake yaendelea, na mwisho wake waweza kuwa mlangoni kwa jirani. Basi mwenye silaha ya babu asiijaribu. Na aipeleke polisi, maana Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yakataza kumiliki silaha bila kibali. Shamba lililoliwa hupandwa tena, jirani hapandwi.