Kuteleza Hotelini: Kudura ya Mungu na Dhamana ya Mwenye Nyumba

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Magomeni na Mwananyamala hata Tandika na Mbagala, hoteli ni sehemu ya maisha. Mtu huingia asubuhi kunywa chai, msafiri hulala katika nyumba ya wageni, jamaa hukusanyika ukumbini kwa karamu. Sakafu nyingi siku hizi ni za vigae laini. Maji ya kunawia yakimwagika, au viatu vikiingiza tope la masika, kigae hugeuka mtego. Mzee akianguka huweza kuvunjika nyonga asisimame tena. Mchukuzi akivunjika mkono, watoto wake hukosa riziki.

Likitokea hilo, kauli ya kwanza ni: "Ni kudura ya Mwenyezi Mungu." Kauli hiyo ni kweli, lakini haimwondolei mwanadamu wajibu wake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijriya (1277), ambaye kitabu chake Minhaji ni tegemeo la Mashafii, ameeleza kuwa atupaye maganda ya tikiti njiani hubeba dhamana ya madhara yake. Tena ameeleza habari ya mtu aliyechimba kisima katika ukumbi wa nyumba yake, kisha akamwalika mgeni, naye akatumbukia: kwa kauli yenye nguvu, mwenye nyumba ana dhamana. Nyumba ni yake, lakini mwaliko nao ni wake.

Mahakama za Uingereza zilifikia hukumu iliyo karibu na hiyo mwaka 1866, fundi mmoja alipotumbukia katika tundu lisilo na uzio ndani ya kiwanda cha sukari. Ilihukumiwa kuwa mwenye mahali anayepokea watu kwa biashara yampasa kuwakinga na hatari asiyoitazamia mgeni, ambayo yeye aijua au ilimpasa kuijua. Kanuni hizo za Kiingereza zilipokewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hata leo ni sehemu ya sheria ya Tanzania. Kenya ina sheria yake maalumu juu ya jambo hili.

Hata hivyo, si kila aangukaye ana haki ya kulipwa. Yampasa aonyeshe kuwa mwenye hoteli alizembea. Na aliyeona maji akapita mbio hana budi kubeba sehemu yake ya lawama. Kwa hiyo aliyeumia na awaite mashahidi papo hapo, apige picha ya sakafu, ahifadhi vyeti vya hospitali, wala asikawie: madai ya namna hii hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3.

Nawe mwenye hoteli, tandaza mkeka mlangoni, weka taa na kishikio penye ngazi, kausha maji mara yamwagikapo. Kitambaa cha kupangusia ni rahisi kuliko fidia, na ni rahisi zaidi kuliko hesabu ya Siku ya Kiyama.