Wakimaliza skuli, pasi inakwenda kwa nani?

Jioni ya Ng'ambo haikamiliki bila kabumbu. Pita Uwanja wa Mao Zedong, Kikwajuni, mashabiki tele na kila mmoja ni kocha. Lakini wapo vijana wa mitaa hii hii ambao mpira wao huishia siku wanayomaliza skuli. Hao ni wenye ulemavu wa akili.

Skuli wana mwalimu, wenzao na kiwanja. Wakitoka, wengi hubaki ndani na mama zao. Utu uzima unawakuta benchi.

Mchezo wenyewe haujawafungia mlango. Special Olympics, iliyoasisiwa na Eunice Kennedy Shriver mwaka 1968, humruhusu mchezaji kushindana tangu ana miaka 8, na ukomo wa umri hakuna. Katika soka lao la pamoja, wenye ulemavu wa akili na wasio nao huvaa jezi moja. Zanzibar nako michezo hiyo ipo.

Ila jezi peke yake haimlishi mtu. Hapa panataka pasi fupi fupi. Skuli iwape taarifa mapema Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, wenye kituo Mwanakwerekwe, kabla kijana hajamaliza. ZAPDD, jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili, ikae na wazazi. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lisimamie.

Kila mmoja akiganda na mpira, goli halipatikani. Na klabu ya mtaa isingoje bajeti: nafasi moja mazoezini inatosha kuanzia.