Bwawa la Samaki ni Mali ya Jamaa

Wengi hudhani ya kuwa mtaji ni neno la matajiri wa mjini tu. Lakini mwenye jembe, kijito na mikono miwili anao mtaji tayari. Tutazame bwawa la samaki, tuone jinsi mali hiyo inavyozaa na jinsi inavyokufa.

Kazi hii si ngeni katika Kongo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kipopo, karibu na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walichunguza sana ufugaji wa tilapia. Na hata mwisho wa utawala wa Wabelgiji mabwawa yalikuwa yamepita 100,000. Baada ya mwaka 1960 mengi yaliachwa, yakaota majani. Kwa nini? Mengi yalikuwa madogo mno, tena yalichimbwa kwa amri. Samaki hawakulishwa vema. Wakazaana, wakasongamana, wakabaki wadogo kama kidole. Mwenye bwawa aliona jasho lake halina faida, akaliacha.

Samaki hana kosa. Tilapia huanza kuzaa angali mchanga, wa miezi michache tu, na bwawa lisilovunwa hujaa watoto wanaonyang’anyana chakula kidogo.

Basi, mwenye bwawa la meta 20 kwa 10 atie vifaranga 400, yaani 2 kwa kila meta ya mraba. Pembeni mwa maji ajenge kizizi cha miti, akijaze majani na samadi ya mbuzi au ya kuku. Mbolea hiyo huyafanya maji kuwa ya kijani, na ukijani huo ni chakula cha samaki. Aongeze pumba na mchwa. Baada ya miezi 6 akaushe bwawa lote, achague: wakubwa waliwe na kuuzwa, wadogo 400 warudishwe majini.

Siku ya mavuno ndiyo siku ya majaribu. Wajomba wanafika, mashemeji wanafika, jirani anafika na sufuria yake. Kuwanyima wote ni uchoyo. Kuwagawia wote bila kipimo ni kuliua bwawa. Twawashauri baba na mama wapatane kabla ya kuyafungua maji, wapange mafungu manne: la chungu cha watoto, la ndugu na wageni, la karo ya shule, na la bwawa lenyewe, kwa kununua pumba na kutengeneza kingo. Fungu hili la nne lisiguswe. Nanyi wanafunzi, wasaidieni wazazi kuandika hesabu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule mtumishi wa Injili aliyeificha talanta yake ardhini alilaumiwa na bwana wake. Sisi tuchimbe ardhi, si kwa kuficha mali, bali ili izae, na watoto wetu washibe.